Anayetaka Besi na Aanzie Silanga la Jirani

Mlolongo ni mji wa magari. Jina lenyewe lilitokana na malori yaliyokuwa yakipanga foleni kwenye mizani ya Barabara ya Mombasa. Wakenya wa rika langu wakilisikia neno hilo hukumbuka pia uchaguzi wa 1988, ule wa kusimama nyuma ya mgombea, lakini sisi wakazi tunajua kwamba hapa lilikuwa jina la malori. Juu yetu imepita Expressway, kilomita 27 kutoka hapa hadi Westlands. Jirani zetu wa Syokimau wana stesheni ya reli, na upande wa Athi River kuna viwanda vya saruji. Ukimwambia mtu kwamba unaamka alfajiri Mlolongo kwenda kuvua samaki, atakutazama mara mbili.

Mimi huamka. Na kila ninapoonekana na mwanzi begani, hakosi kijana wa kunisimamisha. "Shikamoo mzee. Hivi besi huvuliwaje?" Ameona kwenye simu video za Wamarekani wakimnyanyua samaki mwenye kinywa kipana kama bakuli, na amesikia kwamba samaki huyo yuko Naivasha. Anataka kujua ufito wa kununua, bei yake, na matatu ya kupanda. Jibu langu huwa moja, nalo humvunja moyo kidogo: anza na silanga lililo karibu na kwenu, na samaki waliomo humo. Besi atakungoja. Barabarani jibu hilo huwa fupi mno, ndiyo maana leo naliandika lote.

Kwanza tumjue anayetafutwa. Besi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika Kaskazini, katika maziwa yaliyotulia na mito ya mwendo wa pole. Ana rangi ya kijani iliyokoza, mstari mweusi ubavuni, na taya la chini lililotokeza. Pembe ya kinywa chake hupita nyuma ya jicho. Hapendi mbio ndefu. Hujibanza chini ya matete, gogo au magugu yaeleayo, akatulia kimya, kisha akafumbua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na chochote kilichomo. Dume ndiye mlezi: huchimba kiota chini, jike akitaga yeye huyapepea mayai kwa mkia na kufukuza kila anayesogea. Tena huwinda kwa macho. Hilo la macho lishike, tutalihitaji mbele.

Aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, enzi za walowezi, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Watu hao walikuwa na desturi ya kujiletea samaki wa kwao. Mwaka 1905 trauti wa Scotland walikuwa wametiwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Naivasha yenyewe, pamoja na upana wake wote, ilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kisamaki kidogo kisichotosha kumshughulisha mvuvi. Basi miaka minne kabla ya besi, mwaka 1925, ziwa lilitiwa tilapia. Na tilapia hao walitoka wapi? Walitoka Mto Athi.

Kila ninapoikumbuka habari hii moyo hunidunda. Mto Athi ni huu wetu, unaoanzia vilima vya Ngong na nyanda za juu za Kikuyu, ukapita kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi ukiitwa Mbagathi, ukaukata mji wa Athi River, ukamwaga maporomoko ya Fourteen Falls, ukabadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomezwa na Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Tilapia wake ni samaki wa mto huo tangu zamani. Jike lake hubeba mayai kinywani, na vifaranga wakiona hatari hurudi mbio kujificha mdomoni mwa mama. Huyo ndiye samaki wetu aliyehamishwa kupelekwa Naivasha, na besi alipowasili 1929 alimkuta humo. Baadaye, mwaka 1956, ziwa likaingizwa tilapia wa aina nyingine. Yule wa Athi akachanganyika nao kizazi hadi akapotea. Kile kisamaki cha asili kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na wanaosomea viumbe wa majini wamemshuku besi kwa kukimaliza.

Kwa hiyo kijana wa Mlolongo anayeota kumvua besi hahitaji kuanza kwa kuiacha Athi nyuma. Habari ya besi wa Kenya inapita hapa kwetu.

Sasa silanga. Uwanda huu kuanzia Katani hadi vilima vya Lukenya ni udongo mweusi, ule unaowapa wajenzi wetu taabu kwa kuvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Lakini maji huyashika vizuri. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha sawasawa, masilanga ya kunyweshea ng'ombe hujaa, na ile ya Oktoba hadi Disemba huyaongezea. Ndani yake utakuta tilapia waliotiwa na wenye mashamba, na kambare, ambao wengine kwa kufuata Kijaluo huwaita mumi. Kambare ana uwezo wa kuvuta hewa ya nje, hivyo silanga likipungua likabaki tope, yeye bado yu hai. Wazee wengi wa Ukambani hawakukulia samaki. Muthokoi na nyama ya mbuzi ndivyo vilivyowalea. Labda ndiyo sababu masilanga haya yana samaki ambao hakuna aliyewasumbua.

Nilijifunzia kwenye silanga moja upande wa Katani, shamba la mtu aliyeniruhusu kwa sharti kwamba nifunge lango na nisiache uchafu. Wikendi tatu sikupata kitu. Nilikuwa nimenunua ufito wa bei, wenye kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na nilikuwa nikirusha ndoana mbali kadiri mkono ulivyoweza, katikati kabisa ya maji. Jumamosi ya nne nilifuatana na jirani wa muda, dereva wa lori mzaliwa wa Budalang'i, aliyekuwa amekwama Mlolongo siku nne akingojea mzigo. Alinitazama kwa saa nzima bila neno. Kisha akasema, "Mzee, umeketi mahali penye starehe yako. Samaki naye anatafuta yake."

Akanizungusha ukingoni. Akanionyesha kwamba upepo wa asubuhi ulikuwa ukisukuma wadudu na majani kuelekea ukingo wa pili, na huko ndiko chakula kilikokuwa. Akanionyesha mstari ambapo maji ya kina kifupi yaligeuka rangi, akasema hapo ndipo tilapia hupanda kula na kushuka kujificha. Akanionyesha kivuli chetu wenyewe, kilichokuwa kimelala juu ya maji hatua mbili kutoka nilipokuwa nikivua, akaniketisha mbali na ukingo, jua likiwa mbele yangu. Kisha akaukata mwanzi uliokuwa kando ya ua kwa idhini ya mwenye shamba, akafunga uzi wa nailoni urefu wa mwanzi wenyewe, ndoana ndogo, nati moja kama chubwi, na kipande cha soli ya kandambili kama boya. Chambo ni donge la ugali uliokandwa hadi ukanata. Hatukurusha zaidi ya mita tatu. Tulipata tilapia watano kabla ya saa nne, na ufito wangu wa bei ulishinda umeegemea mti.

Siku ile ndiyo iliyonifundisha uvuvi. Nilipokwenda Naivasha miezi kadhaa baadaye, sikuwa tena mtu wa kurusha katikati ya ziwa. Nilitafuta ukingo wa mafunjo, gogo lililolala, mahali kivuli kinapokutana na mwanga, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuzoea kujiuliza kwanza samaki anatafuta nini. Besi hatofautiani na tilapia katika hilo. Tofauti ni kwamba tilapia huonja na besi hushambulia. Tilapia hukufundisha kuona boya likitetemeka kidogo sana, na mkono uliozoea dalili ndogo hauwezi kupitwa na kubwa. Kambare naye hukufundisha kungoja. Vua kambare jioni kwa mnyoo au kipande cha maini ya kuku, chambo kikilala chini kabisa, na akishika usivute hadi mshipi uanze kwenda. Besi akimeza chambo cha mpira huhitaji utulivu uo huo wa pumzi moja kabla ya kukaza.

Kwa vifaa, sina mengi. Anza na mwanzi. Ukiwa tayari kwa ufito wa kisasa, chukua wa urefu wa mita mbili hivi, wenye rili ya kawaida isiyofunikwa, ambayo mshipi wake unauona ukitoka. Usinunue sanduku zima la chambo bandia. Minyoo miwili mitatu ya mpira na kijisamaki kimoja cha kung'aa vinatosha mwaka mzima. Jifunze fundo moja hadi uweze kulifunga gizani. Lowesha uzi kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu hujikata kwa joto la kusuguana. Beba koleo. Kwa koleo hiyo bana kile kijino cha ndoana kilalie, na ndoana itatoka kinywani bila kurarua. Ukitaka kumrudisha samaki majini, lowesha mikono kwanza, kwa maana ute ulio mwilini mwake ndio kinga yake ya maradhi. Besi hushikwa kwa taya la chini kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa upole, bila kumning'iniza muda mrefu ili apigwe picha.

Anayedhani kwamba maji madogo na vifaa duni ni vya watu wasio na bahati, na aisikie habari ya George Perry. Alikuwa kijana mkulima wa jimbo la Georgia, Marekani, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Tarehe 2 Juni 1932 mvua ilikuwa imelowesha shamba hata halikulimika, basi akaenda na rafiki yake kuvua Ziwa Montgomery, ambalo si ziwa la kutajwa, ni kidimbwi tu kilichoachwa na mto uliobadili njia. Walikuwa na ufito mmoja wakipokezana. Alimtoa besi wa ratili 22 na wakia 4, kilo kama 10, akampima mjini Helena, kisha akaenda naye nyumbani akapikwa akaliwa. Rekodi hiyo ya dunia haikufikiwa na yeyote hadi Julai 2009, Manabu Kurita alipotoa wa uzito wa kulingana naye katika Ziwa Biwa, Japani. Miaka 77, na aliyeiweka alikuwa mkulima aliyezuiwa na mvua kulima.

Ukishaiva kwenye silanga, nenda Naivasha. Ni kama kilomita 110 kutoka Mlolongo, safari ya matatu mbili. Ulizia kibali cha kuvua kwa maafisa wa uvuvi kabla ya kutia ndoana majini, na usivue ukiwa umesimama ufukweni alfajiri au jioni: viboko hutoka kula nyasi jioni na kurudi alfajiri, na mtu aliyesimama kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya kuliko pote. Kodi mashua ya mtu mwenye leseni na maboya ya kujiokolea, na umsikilize. Rusha sambamba na mafunjo, karibu kabisa. Tangu mwaka 1970 ziwa lina kamba wekundu wa maji baridi waliotoka Louisiana, nao wakawa chakula kikuu cha besi, kwa hiyo chambo chekundu au cha hudhurungi kinachorukaruka chini kwa chini humdanganya vizuri.

Utakaporudi hukupata kitu, ndipo ulikumbuke lile la macho. Mwaka 2001 samaki mwingine alianza kuonekana nyavuni Naivasha: karpu. Hakutiwa kwa makusudi. Alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia samaki, mvua kubwa na mito vikamfikisha ziwani. Karpu hula kwa kuchimbua matope, na maji yakichafuka anayewinda kwa macho hulala njaa. Isitoshe, kiota cha besi kiko chini pale pale karpu anapochimba. Katika miaka michache karpu ndiye aliyekuwa akijaza nyavu za wavuvi. Nimekaa na wazee wa Naivasha wanaozungumzia besi wa zamani kama mtu anavyozungumzia jamaa aliyehamia mbali.

Hapo ndipo shauku yangu yote ya uvuvi hugeuka kuwa hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Vijana wawili, kwa nyakati tofauti, wameniambia wana mpango wa kubeba besi wachache wakiwa hai kutoka Naivasha, ndani ya ndoo yenye pampu ya hewa, wawatie kwenye silanga la huku ili wasihitaji nauli. Ni wazo la mtu mwerevu anayependa uvuvi. Nawasihi walitupe. Silanga la udongo mweusi halina ukuta wa kuzuia gharika. Tuliona wenyewe Aprili 2024, mafuriko yalipoingia majumbani Athi River na Mavoko yote. Maji yaliyovuka uzio wa watu yalishindwaje kuvuka kingo za masilanga? Besi akiingia Mto Athi ana njia wazi hadi Malindi, na njiani kote anamkuta yule tilapia anayebeba watoto kinywani, ambaye Naivasha tayari amekwisha kupotea. Huko aliondoka kama mgeni. Hapa ni kwao, na hana mto wa pili wa kukimbilia.

Wajapani wamelipitia hili. Besi aliingizwa Ziwa Ashi mwaka 1925, mwaka ule ule tilapia wa Athi alipopelekwa Naivasha, na wavuvi wenye ndoo wakamsambaza nchi nzima. Ilipofika 2005 serikali yao ilipiga marufuku kumsafirisha akiwa hai, na kando ya Biwa, ambako Kurita aliweka jina lake, aliyemvua haruhusiwi kumrudisha majini. Waliamka samaki akiwa amekwisha kuenea. Sisi tuna sheria ya uvuvi ya 2016, nayo inataka kibali kabla ya mtu kuingiza samaki hai mahali wasipokuwapo. Lakini nani atasimama kila silanga kati ya hapa na Lukenya kukagua ndoo? Ulinzi wa kweli utatoka kwa wavuvi wenyewe, na mvuvi hulinda maji aliyoyapenda.

Ndiyo maana nalalamikia ukosefu wa kingo salama za kuvulia. Mtoto wa ploti za Mlolongo akitaka maji ya kukaa kando yake, yaliyo karibu ni machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, yenye kuta wima na kina kisichojulikana. Watoto wamezama humo. Mto Athi wenyewe, chini ya viwanda na mitaro ya majitaka, sivui samaki wa kula, wala sikushauri. Masilanga mengi ni mali ya watu, na wenye mashamba wana haki ya kuogopa wageni wanaoacha chupa na kukata nyaya. Tumebaki na vijana wanaojua majina ya chambo vya Marekani ambao hawajapata kukaa asubuhi moja kando ya maji ya kaunti yao.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Machakos, ambayo mambo ya uvuvi ni sehemu ya kazi zake kikatiba, itenge ukingo mmoja tu upande huu wa Mavoko: silanga moja lililokaguliwa maji, lenye mteremko wa taratibu, uzio upande wa kina, mlinzi, na tilapia wa Athi ndani yake. Tozo ndogo ya mlangoni itamlipa mlinzi. Naomba pia wenye mashamba wa Katani na Lukenya wamfungulie lango mtu anayekuja na adabu, kama nilivyofunguliwa mimi.

Na wewe kijana uliyenisimamisha barabarani: Jumamosi chukua mwanzi, uzi, nati, kipande cha kandambili na ugali wa jana, uombe ruhusa, uketi kivuli chako kikiwa nyuma. Naivasha nenda ukiiva. Ukimpata besi, mrudishe ziwani humo humo au mle. Njiani kurudi, usimvushe Mai Mahiu akiwa hai.